Kabla hujatumbukiza mguu katika chemchemi ya maji moto

Kila ifikapo Novemba, kinamama wa vyama vya akiba hapa Kiandutu, mjini Thika, huanza kuhesabu fedha walizoweka tangu mwanzo wa mwaka. Sehemu kubwa hugawana. Nyingine hununulia unga, sukari na mafuta ya Krismasi. Vile vikundi vilivyofanikiwa zaidi hukodi matatu na kwenda kutembea. Zamani safari zilikuwa za karibu, Maporomoko ya Kumi na Manne au mbuga ya Nairobi. Siku hizi wengi hutaka kufika Ziwa Bogoria katika kaunti ya Baringo, karibu kilomita 300 kutoka hapa, wakaone heroe na chemchemi za maji moto, na kurudi na mtungi mmoja wa maji hayo kwa ajili ya wagonjwa waliobaki nyumbani.

Hapo ndipo nami huanza kupokea maswali. "Daktari, ni kweli maji yale huponya miguu?" "Daktari, mama yangu ana baridi yabisi, nimpeleke?" "Daktari, nikiloga kule nitaacha dawa za presha?" Nasema "nikiloga" kwa sababu ndivyo alivyotamka mama mmoja kwa haraka, akimaanisha "nikioga", na chumba kizima cha kungojea kikacheka. Lakini swali lenyewe si la kuchekesha. Ni swali zuri, na mimi niliwahi kulijibu vibaya.

Ngoja nikueleze kisa hicho, mpenzi msomaji, kisha tuendelee.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi ya kibarua katika mashamba ya mananasi ya huku kwetu hadi nguvu zikamwishia. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari kwa zaidi ya miaka 10. Alikuwa akija kila mwezi, anapimwa sukari, anachukua vidonge, anakwenda zake. Siku hiyo aliniambia kwamba wazee wenzake wa kanisa walikuwa wakielekea Bogoria, naye alitaka kuloweka miguu yake kwa sababu usiku ilikuwa ikimwaka kama imepakwa pilipili. Nje kulikuwa na wagonjwa wasiopungua 40. Nikamwambia, "Nenda mzee wangu, ukapumzike. Maji moto hayana ubaya." Sikumwomba avue viatu. Sikugusa miguu ile.

Alirudi siku ya tisa. Alipovua soksi, ngozi ya mguu wa kulia ilitoka nayo. Alinieleza kwa utulivu kwamba kulikuwa na kijito kilichotiririka kutoka kwenye chemchemi, na kwamba wote walikaa kando yake na kutia miguu. "Wenzangu waliitoa upesi wakipiga kelele," akasema. "Mimi nilidhani ni waoga."

Mguu ule ulikatwa chini ya goti majuma matatu baadaye. Mzee hakunilaumu hata siku moja, na hilo limenisumbua kuliko kama angalinitukana. Tangu wakati huo, mtu yeyote mwenye kisukari akinitajia maji moto, jambo la kwanza ninalomwambia ni avue viatu.

Maji haya hutoka wapi?

Hakuna uchawi wala shetani anayekoka moto chini ya ardhi, ingawa wazee wa kale hawakukosea sana walipofikiri kuna tanuri huko. Mvua inaponyesha juu ya milima na kingo za Bonde la Ufa, maji hupenya katika nyufa za miamba na kushuka chini sana. Katika Bonde la Ufa miamba yenye joto kali iko karibu na uso wa dunia kuliko mahali pengine. Maji yanayoifikia hupata joto, hupanuka, huwa mepesi na kupanda tena kupitia nyufa nyingine, yakibeba chumvi na madini yaliyoyeyuka njiani. Yakitoka taratibu tunayaita chemchemi. Yakirushwa juu kwa nguvu ya mvuke ndiyo yale yanayopigwa picha kule Bogoria.

Nchi yetu imejaliwa maji ya namna hii. Mbali na Bogoria kuna Kapedo, kuna kando ya Ziwa Magadi, kuna Homa Hills upande wa Ziwa Victoria, na kuna mahali zaidi ya pamoja panapoitwa Maji Moto. Huko Eburru, karibu na Naivasha, wenyeji kwa miaka mingi wamekuwa wakinasa mvuke unaotoka ardhini na kuupoza wapate maji ya matumizi. Olkaria, ambako umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa mwaka 1981, shirika la umeme la KenGen lilifungua mwaka 2013 bwawa la kuogea linalotumia maji ya visima vya mvuke. Maji hayo hupitishwa kwanza katika vidimbwi vingine ili yapoe kabla ya kufika kwenye kile cha waogaji. Nakuomba uikumbuke tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo kiini cha mazungumzo yetu ya leo: kuna maji moto yaliyopozwa na kupimwa na mtu kwa ajili yako, na kuna maji moto yaliyoachwa jinsi Mungu alivyoyaumba.

Yale ya kando ya Ziwa Bogoria ni ya aina ya pili. Mengine yanakaribia kabisa kuchemka, na ndiyo sababu wageni hutumbukiza mayai humo na kuyala baada ya dakika chache. Mahali panapoiva yai, mguu wa mtu pia huiva. Isitoshe, maji ya ziwa hilo yamepanda sana tangu mwaka 2010 hivi na kufunika baadhi ya chemchemi, kwa hiyo mahali alipokuonyesha jirani yako aliyekwenda zamani huenda si pale tena. Kwa kuoga, tafuta kidimbwi kilichotengenezwa, kama kile kilichoko katika hoteli ya karibu na lango la Loboi, ambacho maji yake ya chemchemi ni vuguvugu tu.

Ukiwa na haraka ya kujua hatari ilivyo, shika hesabu hii. Maji ya nyuzi 40 mwili wa mtu mzima huyavumilia kwa muda mfupi. Ya nyuzi 60 humchoma vibaya kwa muda wa sekunde 5 hivi. Ya nyuzi 70 huhitaji sekunde moja. Ngozi ya mtoto na ya mkongwe ni nyembamba zaidi, kwa hiyo wao huungua mapema kuliko hapo.

Je, yanaponya?

Hili ndilo swali ambalo watu wametembea nalo tangu zamani. Huko Kitagata, katika wilaya ya Sheema magharibi mwa Uganda, kuna kidimbwi cha maji moto ambacho wenyeji wamekiita Mulago, yaani jina la hospitali kuu ya taifa iliyoko Kampala. Kilicho karibu nacho ni cha Omugabe, mfalme wa Ankole. Huko Omani, ndugu zetu wengi wenye asili ya Zanzibar huenda Rustaq na Nakhal kuoga katika chemchemi za moto kwa ajili ya viungo na ngozi. Ufaransa imefika mbali zaidi: daktari akikuandikia, bima ya serikali hugharimia sehemu ya matibabu ya siku 18 katika mji wa chemchemi. Basi usiwacheke kinamama wa Kiandutu.

Jibu langu ni kwamba yanatuliza, na kutuliza si jambo dogo. Mtu akiwa ndani ya maji yanayomfika shingoni, maji huubeba mwili wake, hata magoti na nyonga hubakiwa na sehemu ndogo tu ya ule mzigo wa kila siku. Joto hulegeza misuli iliyokaza na kutanua mishipa ya damu. Mama ambaye amekuwa akiinama na kuinuka katika shamba la kahawa kwa miaka 30 hujisikia, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kama ana magoti mapya. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali juu ya watu wenye magoti yaliyochakaa umeonyesha kwamba kuoga maji ya namna hiyo hupunguza maumivu kwa muda, ijapokuwa mwingi wa uchunguzi huo ulihusisha watu wachache na haukufanywa kwa ukali unaotakikana. Gegedu iliyolika hairudi. Maumivu nayo hurudi.

Kuhusu ngozi, ile harufu ya kibiriti unayoisikia si ya bure. Salfa ni dawa halali ya upele. Sisi madaktari hutumia mafuta yenye salfa ya asilimia 5 hadi 10 hata kwa watoto wachanga na kinamama wajawazito. Lakini dawa ina kipimo, nayo hupakwa siku kadhaa mfululizo, kwa kila mtu wa nyumba ile, na matandiko yakafuliwa. Kuoga mara moja Bogoria na kurudi kulalia godoro lile lile ni kuwatembeza wadudu tu.

Kisukari hakiponi kwa maji moto. Shinikizo la damu haliponi. Virusi vya Ukimwi havioshwi. Nalisema waziwazi kwa sababu tuliona mwaka 2011 misururu ya magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, watu wakienda kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500 za huko. Wakenya walikuwa wengi katika misururu ile. Wako waliotupa dawa zao wakiamini wamepona, na baadhi yao tuliwapokea tena hali zao zikiwa mbaya mno. Ukienda kwenye chemchemi, nenda na vidonge vyako mfukoni, na uvinywe saa zile zile ulizozoea.

Naomba nichepuke kidogo hapa. Mwaka 1966, katika chemchemi za moto za Yellowstone huko Marekani, mwanasayansi Thomas Brock na mwanafunzi wake walipata kijidudu kinachoishi katika maji ambayo yangeua viumbe vingine. Kimeng'enya kilichotolewa katika kijidudu hicho, kwa kuwa hakiharibiki kwa joto, ndicho kilichowezesha mashine za maabara kuzidisha chembe za urithi na kuzitambua. Vipimo vya Korona vya kutia kijiti puani, na vile vinavyohesabu wingi wa virusi katika damu ya mwenye Ukimwi, vyote vilitokana na ugunduzi huo. Kwa hiyo chemchemi za moto zimewaponya wengi, ila si kwa kuogwa.

Nani asiingie?

Nianze na wenye kisukari, maana nina deni nao. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na ile ya miguuni ndiyo inayoharibika kwanza kwa kuwa ndiyo mirefu kuliko yote. Mtu husikia kuwaka moto na kuchomwachomwa usiku, na wakati huo huo hasikii moto wa kweli unapomgusa. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mzee. Mguu ulikuwa ukimlilia usiku kucha, lakini ulikuwa umekwisha kufa ganzi.

Unaweza kujipima nyumbani bila kifaa chochote. Mwenye kisukari alale chali na afumbe macho. Wewe mguse kwa ncha ya kidole chako, polepole kama unavyogusa shavu la mtoto aliyelala, kwa sekunde moja au mbili: kidole gumba cha mguu, kisha cha kati, kisha kile kidogo kabisa, halafu mguu wa pili vivyo hivyo. Usibonyeze, usikune, na usirudie mahali alipokosa. Kila anaposikia aseme "kulia" au "kushoto". Akikosa viwili au zaidi kati ya hivyo sita, miguu yake ina ganzi, na haitumbukizwi katika maji moto ya aina yoyote, yawe ya Bogoria au ya beseni chumbani kwake. Na afike zahanatini ionekane. Wale wanaojidunga insulini wajue pia kwamba joto huifanya dawa iingie katika damu upesi kuliko kawaida, na sukari inaweza kushuka ghafla mtu akiwa ndani ya maji. Wasiingie na njaa, na wawe na kitu kitamu karibu.

Mwenye shinikizo la damu linalodhibitiwa vyema anaweza kuingia maji vuguvugu. Lakini afahamu kwamba joto hutanua mishipa na kuteremsha presha, dawa zake nazo hufanya hivyo hivyo, na mambo hayo mawili yakikutana mtu huinuka kwa haraka akaona giza na kuanguka juu ya mawe. Inuka polepole, keti ukingoni kwanza. Aliyepata mshtuko wa moyo karibuni, anayebanwa kifua akitembea, na mwenye moyo uliopanuka, wote wazungumze na daktari wao kabla ya safari.

Mjamzito asiingie katika maji yanayozidi joto la mwili, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Joto la mama likipanda sana wakati ule ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unapofanyika, mtoto huweza kuzaliwa na kasoro. Mwenye kifafa asiingie peke yake. Aliyelewa asiingie kabisa. Najua safari za Desemba zilivyo, na najua yaliyomo katika zile chupa za soda zinazopokezanwa katika viti vya nyuma.

Mwenye kidonda kibichi naye angoje kipone. Maji vuguvugu yanayotumiwa na watu wengi hulea bakteria, na kuna vipele vya moto ambavyo hutokea siku moja au mbili baada ya kuoga katika kidimbwi kisichotunzwa. Usizamishe kichwa wala usiache watoto wapige mbizi katika maji matamu ya vuguvugu ya asili. Yako maradhi adimu sana yanayoletwa na ameba anayepanda kupitia puani hadi kwenye ubongo. Ni adimu, lakini karibu kila anayeyapata hufa. Na yale maji ambayo yamekwisha poa kabisa huko chini kijitoni, mahali penye majani na konokono, hayana tofauti na mfereji wa Mwea: kichocho chaweza kuwapo.

Kwa wale wasio na lolote kati ya hayo, kipimo changu ni hiki. Maji yasizidi nyuzi 40, dakika 10 hadi 15 kwa mara moja, utoke, upoe, unywe maji safi, kisha ukitaka urudi.

Ukingoni na korongoni

Ukingo wa chemchemi unadanganya. Madini huganda yakatengeneza ukoko mweupe unaofanana na mwamba, kumbe ni mwembamba kama chapati na chini yake ni maji yanayotokota. Pita pale tu palipokanyagwa na wengi, fuata anavyosema mlinzi, na mtoto mdogo ashikwe mkono. Si shati, mkono. Usilale wala kuinama katika mashimo yenye mvuke. Gesi zinazotoka humo, hasa kaboni dioksidi, ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, na ile yenye harufu ya yai bovu huifisha pua, hata mtu akadhani imekwisha.

Wanaokwenda Hell's Gate, ambako maji moto hutiririka kutoka kwenye kuta za korongo, wana hatari nyingine wasiyoifikiria: maji ya mvua. Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa humo waliposombwa na mafuriko ya ghafla. Septemba 2019 watu wengine saba walikufa kwa namna ile ile. Mvua huweza kunyesha mbali kwenye vilima na wewe ukiwa korongoni unaota jua. Ukiona mawingu upande wowote, usishuke. Fedha ulizolipa langoni hazitoshi kununua jeneza.

Mtu akiungua, mtoe katika maji, mvue nguo na viatu upesi isipokuwa vilivyoganda kwenye ngozi, na umwagie mahali pale maji safi ya baridi kwa dakika 20. Hesabu kwa saa, maana dakika 20 ni nyingi kuliko unavyodhani. Kwa hiyo matatu yenu ibebe mitungi ya maji ya kawaida, hata kama mnakwenda kuona maji. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala samli. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi na uelekee hospitali.

Na ule mtungi wa kurudi nao?

Hili huwaudhi watu, lakini sitalificha. Maji ya chemchemi nyingi za Bonde la Ufa yana madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Floridi kidogo huimarisha meno, lakini ikizidi katika ile miaka ambayo meno ya mtoto yanaundwa ndani ya ufizi, hutoka yakiwa na mabaka ya hudhurungi yasiyosuguka. Umewaona watu wa Nakuru, Gilgil na Naivasha wanaocheka wakiwa wamefunika mdomo kwa mkono. Ikizidi mno na kwa miaka mingi, hukaza hata mifupa na uti wa mgongo. Kuyachemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floridi hubaki. Kikombe kimoja hakitakuua, lakini nimeona mtungi wa lita 20 ukigawanywa kwa vikombe kwa wajukuu majuma mawili mfululizo "ili wapate nguvu".

Kwa wale ambao nauli haitapatikana mwaka huu, na huku kwetu ndio wengi, beseni linatosha. Chemsha maji, yachanganye na ya baridi, yapime kwa kiwiko cha mkono kama unavyompimia mtoto. Kiwiko kikikataa, mguu usiingie. Loweka dakika 10 hadi 15, jifute vizuri katikati ya vidole, kisha nyosha na kukunja goti mara kumi kumi likiwa bado na joto. Mwenye baridi yabisi akifanya hivyo kila jioni atafaidika kuliko anayeoga Bogoria mara moja kwa mwaka.

Ila usidhani maji moto yatakuondolea funza. Kiandutu yenyewe inabeba jina lao, maana ndutu kwa Kikuyu ni funza, na hata leo wapo katika vyumba vyenye sakafu ya vumbi. Maji yatakayomuua funza aliyezama katika nyama yatakuwa yamekwisha kukuunguza wewe. Kumchokora kwa pini inayopokezanwa nyumba nzima huweza kuleta pepopunda, homa ya ini na hata Ukimwi. Yako mafuta ya dimetikoni ambayo humziba pumzi akafa mwenyewe, na yamefanyiwa uchunguzi humu humu nchini yakafaulu. Ulizia zahanatini.

Mwaka jana kikundi kimoja cha kinamama kilikuja kliniki yangu kizima, watu 19, kabla ya safari. Tuliwapima presha na sukari, kisha nikafanya lile zoezi la vidole juu ya benchi la nje, jirani wakitazama kama sinema. Mama mmoja muuza mboga wa Makongeni, mwenye kisukari cha miaka 8, alikosa vidole vinne kati ya sita. Alifumbua macho akaniuliza mbona sijaanza.

Nilimwambia asitie mguu majini. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Daktari mwanangu, nimechanga mwaka mzima." Sikuwa na jibu la hilo. Tulikubaliana kwamba atakwenda, atavaa viatu vya kufunika na soksi tangu Thika hadi kurudi, na kwamba mwekahazina wa chama atakuwa askari wake.

Alirudi Jumatatu na miguu yake mizima. Aliniletea mayai mawili yaliyochemshwa katika chemchemi, yamefungwa ndani ya gazeti, na mtungi wa lita tano. Mayai niliyala. Maji alikubali, kwa shingo upande, ayapigie deki.